Kabla Hujasaini: Mshahara na Siku Zako za Likizo

Msikilizaji, kama uko Maili Moja unafunga duka, kama uko Mlandizi kituoni unasubiri gari, kama uko Sungwi umekaa barazani au Maneromango unamenya mihogo ya usiku, karibu tukae pamoja. Leo nina maneno na mtu mmoja hasa, yule aliyepigiwa simu wiki hii akaambiwa: njoo uchukue barua yako ya ajira.

Mkoa wetu wa Pwani si ule wa miaka 20 iliyopita. Zegereni pale Kibaha kuna viwanda, Visegese kule Kisarawe kuna viwanda, na Kwala kuna bandari kavu na eneo la viwanda pembeni yake. Zamani kijana wa huku alikuwa anavuka Kibamba alfajiri kwenda kuitafuta kazi Dar es Salaam. Siku hizi anapishana njiani na mwenzake wa Dar anayeifuata kazi huku. Tunashukuru. Ila kuna jambo linaniuma. Watu wetu wakipewa barua, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye mshahara, na mshahara ukipendeza kalamu inatoka. Muulize baada ya mwezi likizo yake ni siku ngapi na ataichukua lini, atakujibu, "Watanipangia."

Mimi nasema mshahara na likizo vipimwe pamoja, siku hiyohiyo, kabla ya saini. Na nitasema pia ni wakati gani fedha itangulie, kwa sababu najua ninaongea na watu wenye watoto na kodi ya nyumba.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya malipo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12. Mzunguko huo unaanza siku uliyoanza kazi. Kwa hiyo ukiingia ofisini kwa mwajiri akakwambia, "Mshahara wetu si mkubwa, lakini tunakupa na likizo ya siku 28," pokea kwa adabu, lakini moyoni jua kwamba hajakupa kitu. Hicho ni kima cha chini kilichowekwa na nchi, na hakiwezi kuwa sababu ya kukupunguzia mshahara. Mazungumzo ya likizo yanaanzia juu ya hapo.

Yapo mambo ndani ya sheria hiyo ambayo watu hawayajui mpaka yawakute. La kwanza, siku 28 ni za mfululizo, maana yake Jumapili zimo, na sikukuu ikiangukia katikati nayo imo. Mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki, katika siku zake 28 anapata siku 24 tu za kazi. La pili, anayepanga likizo iwe lini ni mwajiri. Sharti lake ni kwamba isipite miezi sita baada ya mzunguko kumalizika. Ikiwa wewe mwenyewe umekubali na kazi inadai hivyo, inaweza kufika miezi 12. La tatu, mshahara wa kipindi cha likizo unatakiwa ulipwe kabla hujaondoka. Wangapi kati yenu mmewahi kulipwa hivyo? Ni haki yenu.

Na wewe kibarua, wewe unayepiga deiwaka kiwandani, usizime redio. Kwa kawaida aliyefanya kazi chini ya miezi sita hana likizo ya malipo. Lakini sheria hiyohiyo inasema aliyeajiriwa na mwajiri mmoja zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ya muda wake kwa mwajiri huyo ikazidi miezi sita, anastahili likizo. Anayepewa miezi mitatu, akapumzishwa wiki mbili, akaitwa tena kwa miezi mitatu mingine na siku kadhaa juu yake, ahesabu. Tunza kila karatasi, tunza kila ujumbe wa simu wa malipo. Bila ushahidi huo itabaki neno lako na neno la bosi.

Sasa tuje kwenye kupima. Nitatoa mfano wa kutunga, hesabu zake zifuate nawe.

Binti wa Kisarawe amemaliza chuo, amesomea uhasibu, anaishi kwa mama yake. Amepata ofa mbili. Ya kwanza iko Kibaha, kiwandani, mshahara 700,000 kwa mwezi, kazi siku sita, na kuhusu likizo barua inasema "kwa mujibu wa sheria". Ya pili iko Kisarawe hapohapo, mshahara 620,000, siku sita vilevile, ila mwajiri wa pili yuko tayari kuzungumza kuhusu likizo. Kila mtu nyumbani anamwambia achukue ya Kibaha. Shilingi 80,000 kila mwezi si mchezo.

Twende polepole. Mfuko wa NSSF unakata asilimia 10 ya mshahara wake. Kwenye 700,000 zinaondoka 70,000, zinabaki 630,000. Hizo ndizo zinazopigiwa kodi ya mapato, PAYE, na kwa viwango vyetu kodi yake ni 42,000. Mkononi: 588,000. Kwenye 620,000, NSSF inachukua 62,000, kodi inachukua 27,600, mkononi zinabaki 530,400. Toa. Tofauti iliyokuwa 80,000 kwenye barua imekuwa 57,600 mkononi. Na kama alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, kuna asilimia 15 ya mshahara inayokatwa kurejesha. Kwenye zile 80,000 za nyongeza, Bodi inachukua 12,000. Zimebaki 45,600.

Hapo bado hajatoka mlangoni. Kutoka Kisarawe kwenda Kibaha kila siku ni magari mawili matatu ya kwenda na mengine ya kurudi. Kwa usafiri huo atamaliza nyongeza yote kabla mwezi haujafika katikati. Basi apange chumba Kibaha. Tuseme amepata cha 50,000, na mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu au sita mbele. Ile nyongeza imekwisha, na anadaiwa 4,400 juu yake, na jioni hana mama wa kumpikia wala mama hana wa kumsaidia kazi.

Ofa ya Kisarawe tuitazame upande wa siku. Mshahara wa 620,000 ukiugawa kwa siku 26 za kazi, siku yake moja ina thamani ya karibu shilingi 23,800. Akimwomba mwajiri kwamba likizo iandikwe siku 28 za kazi, Jumapili na sikukuu zisihesabiwe, amejiongezea siku nne kwa mwaka. Hizo zinakaribia shilingi 95,000, na haziguswi na PAYE wala Bodi ya Mikopo. Sisemi kila mtu akatae Kibaha. Mwenye kwao Tumbi au Picha ya Ndege hesabu yake inageuka kabisa. Ninachosema ni kwamba mshahara unaousoma kwenye barua ni mwanzo wa hesabu, na walio wengi wanaishia hapo mwanzoni.

Lakini thamani ya siku haipimwi kwa shilingi peke yake, na hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Mwaka wa mtu wa Kisarawe una misimu yake. Mikorosho inataka kupaliwa na kupuliziwa salfa kabla ya maua kuharibika, na kuanzia Oktoba hadi Desemba korosho zinaokotwa, zinakaushwa, zinapelekwa chama cha msingi na kuuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia chama kikuu cha ushirika cha mkoa, CORECU. Mwenye mikorosho ya urithi Maneromango au Masaki, akipangiwa likizo mwezi Machi, wakati masika inaanza na hakuna cha kuokota, amepewa siku 28 kamili za kisheria na amekosa alichokitaka. Korosho zake ataokota nani? Atalipa vibarua, au zitaoza chini ya mti. Kwa mtu huyo, mstari mmoja wa mkataba unaosema likizo yake itakuwa kati ya Oktoba na Novemba unaweza kumletea zaidi kuliko nyongeza ya 30,000 kwa mwezi. Na kwa mwajiri mstari huo mara nyingi hauna gharama kubwa, kwa sababu likizo atakulipa vyovyote vile, iwe Machi au Oktoba.

Mwenye watoto wa shule anataka Juni au Desemba, na Desemba kila mtu anaitaka, kwa hiyo aliyeandikiwa yuko mbele ya anayeomba kwa mdomo. Mfungaji anayetaka kumi la mwisho la Ramadhani msikitini asiandikiwe mwezi wa kalenda, maana Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu mwezi alioandikiwa haumfai tena. Yeye aombe likizo igawanywe mara mbili, sehemu moja ifuate mfungo. Sheria inazungumzia siku mfululizo, hivyo kuigawa ni makubaliano yenu wawili, na makubaliano yaandikwe.

Halafu kuna misiba.

Kifungu cha 34 cha sheria ile kinatoa siku nne za malipo kwa mfanyakazi aliyeuguliwa na mtoto au aliyefiwa na mtoto, mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa naye. Siku nne hizo ni za mzunguko mzima. Ukifiwa mara mbili kwa mwaka, ni hizohizo nne. Ukiongezewa na mwajiri, za nyongeza hazina malipo. Sasa niambie, mjomba yuko wapi kwenye orodha hiyo? Shangazi? Mama mkwe? Hawamo. Na sisi tunajua kwamba kwa Wazaramo mjomba si mtu wa pembeni. Mjomba akifariki Chole au Mzenga huwezi kutuma rambirambi kwa simu ukaendelea na zamu. Utaomba ruhusa, utapewa, utashukuru. Kisha siku ya likizo ikifika unaambiwa zimebaki 24, kwa sababu sheria inamruhusu mwajiri kuzitoa kwenye 28 zile siku za malipo alizokupa kwa ombi lako.

Siwalaumu waajiri kwa hilo. Sheria imewapa nafasi hiyo. Nawaambia ninyi mnaokwenda kusaini kwamba hapa pana kitu cha kuombwa ambacho hakuna anayekiomba. Omba siku nne au tano za dharura kwa mwaka, zenye malipo, zisizotolewa kwenye likizo, na ndani yake watajwe mjomba, shangazi na wakwe. Ningekuwa na jambo moja tu la kuomba juu ya mshahara, ningeomba hilo. Sababu yangu ni kwamba nyongeza ya mshahara unaweza kuiomba tena mwakani, lakini mjomba hazikwi mara mbili.

Nilisema nitataja wakati ambapo fedha itangulie. Kama unachopewa hakifikii kodi ya chumba, nauli na chakula, usizungumze habari za siku za ziada; zungumza mshahara. Mtu mwenye likizo ndefu na deni dukani hapumziki. Kwa walio kwenye kima cha chini nasema: likizo yenu imekwisha kulindwa na sheria, basi nguvu yenu yote ya kuomba iwekeni kwenye mshahara, nauli na chakula cha mchana, na kuhusu likizo hakikisheni tu kwamba imeandikwa. Amri mpya ya mishahara ya sekta binafsi, iliyotangazwa Oktoba 2025 na Ridhiwani Kikwete, wakati huo akiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na yeye mwenyewe mbunge wa Chalinze katika mkoa wetu huu, ilipandisha wastani wa kima cha chini kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia 1 Januari 2026. Huo ni wastani. Kila sekta ina kima chake, na cha viwandani kiko chini ya wastani huo. Uliza cha sekta yako kabla hujaingia kwenye usaili.

Fundi mitambo, fundi umeme wa kiwandani, mhasibu mwenye vyeti vyake, dereva wa mitambo mikubwa, ninyi mna nafasi pana zaidi. Mnatafutwa. Ninyi ndio mkiomba siku mnasikilizwa, na mkipata leo mnawafungulia njia na wanaokuja baada yenu. Wenzetu wa serikalini, walimu na wauguzi wa pale Tumbi, mishahara yao inafuata madaraja, hawana cha kujadiliana mezani. Kwao cha kusimamia ni kupangiwa likizo kwa wakati na kufuatilia nauli ya likizo wanayostahili kila baada ya miaka miwili.

Kuna kulipwa likizo, au kama wengi wanavyosema, kuuza likizo. Sheria baada ya marekebisho inamruhusu mwajiri, wewe ukiridhia, kukutaka au kukuruhusu ufanye kazi katika kipindi cha likizo, kwa kukulipa mshahara wa mwezi mmoja, na kwa sharti kwamba usipitishe miaka miwili mfululizo bila kwenda likizo. Namwelewa anayeuza mara moja ili aezeke bati au alipe ada. Simwelewi anayeingia kazini akiwa amekwisha kuamua kwamba kila mara itakaporuhusiwa atauza. Na mwajiri akikuwekea mezani mshahara mkubwa huku akisema waziwazi, "Hapa kwetu watu hawaendi likizo, tunawalipa," elewa kwamba kwa sehemu ya mshahara huo anaununua mwili wako. Aliyesimama kwenye mashine miezi 23 bila kupumzika anajua mikono yake imekuwaje. Hapo mimi ningechukua mshahara mdogo.

Jambo jingine ni namna ya kusema. Wengi wetu tunaogopa kwamba ukiuliza habari za likizo kabla hujaanza kazi utaonekana mvivu. Inategemea umeuliza lini na kwa maneno gani. Usiulize mwanzoni mwa usaili. Subiri wakwambie wanakutaka, barua iko mezani. Kisha sema kwa utulivu: "Nashukuru sana, Mama. Mshahara nimeuelewa na kazi naitaka. Kabla ya kusaini naomba tuweke sawa mambo mawili. Nyumbani tuna mikorosho, ningeomba likizo yangu iwe Oktoba. Na naomba siku chache za msiba zisihesabiwe kwenye likizo. Nikijua hayo mapema, nawe utajua mapema nani wa kushika nafasi yangu." Hakuna aliyetukanwa hapo. Umeomba, na umemwonyesha mwajiri faida yake.

Viwanda kadhaa vya huku wamiliki wake wametoka nje, na kwao sheria za likizo ni nyingine. Kwa mfano China, sheria yao inampa mfanyakazi mwenye mwaka mmoja hadi kumi kazini siku 5 za likizo kwa mwaka. Marekani hakuna sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri binafsi kutoa hata siku moja yenye malipo. Jirani zetu wa Kenya wana siku 21 za kazi. Kwa hiyo meneja mgeni akishangaa kusikia siku 28, huenda anashangaa kweli. Mweleze kwa upole kwamba ndivyo sheria ya Tanzania ilivyo, na akitaka aisome, Kifungu cha 31.

Akikwambia, "Hayo tutayaangalia ukishaanza," mwombe ayaandike. Sheria inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya kazi yako: mahali, saa, malipo na jinsi yanavyokokotolewa, na stahili nyingine. Mstari mmoja kuhusu likizo hauchukui nafasi kubwa kwenye karatasi hiyo. Na kama barua ni ndefu au imeandikwa kwa Kiingereza usichokielewa vizuri, omba ulale nayo usiku mmoja, umpe mtu akusomee. Mwajiri mwenye nia njema hakunyimi usiku mmoja.

Sasa nawe uliyesaini zamani, unayenisikiliza ukijua barua yako iko kabatini hujaitazama tangu siku ile. Kesho itoe. Tazama tarehe uliyoanza kazi, hesabu miezi 12, kisha ongeza sita. Kabla ya tarehe hiyo andika ombi la likizo, lipeleke, bakiza nakala iliyopigwa muhuri au kusainiwa na aliyeipokea. Ukiacha kazi kabla ya kuichukua likizo yako, dai malipo yake. Sheria inahesabu mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Na ukinyimwa haki hizo, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Usisubiri ya 61.